Punje za Kokwa

Siku ya pili ya Idi, Barka bado inanuka sambusa.
Hamdun anarudi na gari, madebe yanagongana nyuma:
mafuta ya mikahawa saba na hoteli moja,
ya jiko la futari pale msikitini,
meusi kama kahawa ya jana,
na ndani yake jira, ganda la kitunguu,
kipande cha katlesi kilichosahauliwa.
"Ramadhani nzima hii hapa," anasema. "Ipokeeni."

Zamani tungeyamwaga. Nani hakumwaga?
Sinki halina mdomo. Husema baada ya miezi mitatu,
mtaani, kwa harufu.

Banda letu liko nyuma ya karakana ya viyoyozi.
Wageni hutafuta tanuri, hutafuta bomba la moshi,
kisha hunitazama mimi kana kwamba nimelificha.
Hakuna. Kuna mtungi wa kioo, mrefu kunishinda,
na ndani ya mtungi, punje.

Ni kokwa za tende, khalasi na fardhi,
tulizozoa kwenye jaa la kiwanda cha asali ya tende.
Tumezichoma bila hewa, tukazisaga, tukazichekecha,
zikabaki na vitobo visivyoonekana kwa jicho;
na katika kila kitobo
tumekifunga kimeng'enya.

Bibi yangu, Bi Shinuna, akauliza kwenye simu:
"Mnakifungia nini? Kimekosa nini?"

Nikamwambia, kikiachwa huru kinafanya kazi mara moja
kisha kinaondoka na maji, hukioni tena.
Kikifungwa, mafuta ndiyo yanayokipitia:
yanaingia mazito, yanatoka mepesi, yafaa kuwasha gari,
nacho kipo palepale, kinangoja debe jingine.
Hatuchemshi. Hatutii magadi makali.
Hatuna maji machafu ya kuficha usiku.

Akanyamaza kidogo.
"Kumbe papai," akasema.

Papai?

"Papai bichi. Nyama ya fahali mzee
unaipaka papai usiku, asubuhi unaikata kwa kijiko.
Nyinyi mmelifunga papai kwenye kokwa.
Ndiyo miaka yote ile ya chuo?"

Sikuwa na la kumjibu.

Ila kina deko lake, hili papai letu.
Spiriti ukikimiminia kwa pupa, kinajikunja, kinakufa.
Lazima tone, tone, usiku kucha, na wewe macho.
Duru ya tisa nilifungua vali yote:
wakubwa walikuwa njiani kutoka Maskati,
nilitaka wakute kitu kinatiririka.
Walikuta povu.
Kilo mbili za punje nilizitoa kwa kijiko,
na Hamdun, Mungu amlinde, hakusema neno.

Na joto. Kinapenda nyuzi arubaini,
na Juni ya Barka inakupa arubaini na saba bila kuombwa.
Kwa hiyo tunauvisha mtungi kanga mbichi,
kanga ya Bibi, tunailowesha kila saa.
Jua limeyala maneno yake, limeacha moja:
NIACHENI.

Bibi hatembei tena. Magoti yalimkatalia mwaka juzi.
Kiti chake kimewekwa mlangoni mwa jikoni, Al-Khoudh,
na hakuna apitaye pale akatoka alivyoingia:
mjukuu aliyefeli hesabu, muuza samaki na bei yake,
mama na baba yangu wasiosemezana tangu alfajiri.

Leo ni duru ya arubaini na moja.
Nimepima: sitini na mbili kwa mia.
Glisirini imezama chini, nene, tamu kuionja;
bibie mmoja wa Sibu ataichukua kwa sabuni.
Hamdun anaashiria punje kwa kidevu: "Tunatupa?"
Ninaikaza vali nusu mzunguko.
Mafuta yanapunguza mwendo. Tunasubiri.
Saa mbili baadaye ninapima tena, naandika daftarini,
sitaji hapa, nisije nikajisifu.

Simu inalia.
"Kanga yangu nyekundu, mwaijua ilipo?"

Iko kazini, Bibi.

"Haya. Iacheni.
Lakini arusi ya Thuraya naitaka, na ifuliwe,
isije ikaninukia katlesi."