Nyasi za Januari

Kazi yangu ni bei.
Miaka kumi na tisa nazunguka soko la Rēzekne
na daftari na penseli (wino huganda),
naandika: siagi, mkate mweusi, kuni kwa mzigo,
na Skaidrīte muuza jibini hunikaripia,
"Umekuja kuhesabu tena?
Basi hesabu na magoti yangu."

Desemba nikaitwa Riga.
Waziri alikuwa amepata mshauri mpya,
Edžus, aliyetajirika kwa programu ya kukodisha baiskeli za umeme,
koti jepesi, viatu vya raba,
na nje nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Akasema: Taifa ni programu.
Toa toleo la kwanza. Likikwama, toa la pili.
Akasema: Ninyi huwauliza maprofesa watano.
Mimi nitawauliza watu themanini elfu
kabla chai hii haijapoa.

Sikucheka. Maprofesa nawakumbuka.
Nakumbuka mwaka ule benki zilipofunga milango
wiki chache tu baada ya wao kutuonyesha,
kwa michoro ya rangi, kwamba jengo ni imara.
Dada yangu akaenda Ayalandi kuchuma uyoga
na hadi leo anachuma.
Shahada zao bado ziko ukutani.
Kwa hiyo nilimsikiliza kijana
kama mgonjwa anavyomsikiliza daktari wa tatu.

Swali likaingia simuni:
Ruzuku ya joto iondolewe?
Dole juu, dole chini.
Wengi wape. Wakapewa.
Wenye nyumba za joto, wenye usingizi mwororo,
pengine na mtu mmoja kule Ureno mwenye simu mia mbili.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sikatai,
lakini vidole themanini elfu vilibonyeza kioo
na chawa akaendelea na safari yake
shingoni mwa Skaidrīte.

Mimi nilipewa maoni niyahifadhi.
Si kuyasoma. Kuyahifadhi.
Nikayasoma.
Matusi. Vikatuni. Mashairi mawili, yote mabovu.
Na saa tisa na dakika kumi usiku,
mtu anayejiita Mama wa Jengo la Kumi na Nne:
"Iacheni ruzuku kwanza.
Njooni Rēzekne mtazame nyuma ya jengo letu.
Nyasi ni za kijani. Januari."
Alipata vidole viwili.
Kimoja chake mwenyewe, nadhani.

Nikamwonyesha Edžus.
Akasema, kwa adabu, kwamba viwili si takwimu.
Nikamwambia: Mimi huandika bei moja,
halafu moja, halafu moja.
Sijui kwa nini alikubali kupanda treni.

Theluji ilitufika magotini.
Katikati yake, mstari wa kijani,
upana wa meza, urefu wa mtaa mzima,
majani mabichi, mvuke mwembamba,
paka wanne wamelala chali kama watalii.
Chini yake bomba limepasuka, tangu lini sijui,
na joto lililokwisha kulipiwa
linawapasha moto minyoo.
Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Lakini nani aliulizwa habari za ufa?
Tuliulizwa habari za ukuta.

Edžus akachuchumaa, akavua glavu,
akalaza kiganja juu ya nyasi
kama anayepima homa ya mtoto wa jirani.
Alikaa hivyo kitambo. Neno toleo halikumtoka.
Kisha: "Kwa siku, hii inagharimu kiasi gani?"
Nikafungua daftari.
Siagi ilikuwepo. Kuni zilikuwepo.
Bei hiyo sikuwa nayo.

Juu, ghorofa ya nne, dirisha likafunguka.
Mwanamke aliyejifunga blanketi akatuchungulia.
"Ninyi ndio wale themanini elfu?"

"Hapana," nikajibu. "Tuko wawili."

Akafikiri.
"Subirini," akasema, "nakuja na ufunguo wa chumba cha mabomba."