Kabla ya Maua

Ernisbek amekunjua karatasi mezani,
mgongo wa kalenda ya benki ya mwaka jana,
na kalamu ya risasi ameichonga kwa kisu cha mkate.
Julai, anasema. Tarehe kumi na mbili, Jumamosi.
Mafuta lita sitini. Mikate ya duara kumi na minane.
Dawa za Mama za presha, za asubuhi na za jioni,
maana kule juu, mita elfu tatu na ushee,
hewa ni nyepesi kama chai ya bahili.

Chynara anataka hema la sufu lenye jiko zima,
si lile la mwaka juzi lililotufukiza moshi wa samadi
hata tukarudi Kochkor tunanuka kama nyama ya akiba.
Anataka maua. Julai, anasema, nyasi huwa manjano na buluu
na ziwa limetulia, mtu aweza kunyolea ndevu.
Kisha akakumbuka, akajing'ata ulimi,
akamtazama Mama,
ambaye tangu majani yapukutike haoni hata mwanga wa taa.

Mama alikuwa anachambua sufu, miiba akiitoa kwa kucha.
"Macho hayana pazia, ndivyo watu wasemavyo," akasema.
"Haya yangu yamepata, tena zito, la kitambaa cha bei.
Maua yatazameni nyinyi.
Mimi nipelekeni Mei."

Mei!
Ernisbek akailaza kalamu.
Mei njia ya juu ina theluji ya kiunoni,
Mei wachungaji hawajapanda, hakuna hema, hakuna kondoo,
hakuna hata punda wa kukucheka ukizama matopeni.
Penye nia pana njia, nikasema mimi, kitinda mimba,
niliyezoea kusemea chini chini.
Penye nia pana theluji, akajibu kaka.

Mama hakubishana. Aliuliza tu
kama yupo kati yetu aliyewahi kulisikia ziwa likipasuka.
Hayupo. Sisi ni watu wa Julai.

"Mwaka nilioolewa," akasema, "baba mkwe alitupandisha mapema,
nyasi za bondeni zilikuwa zimekwisha.
Tukakaa ukingoni siku tisa.
Ya kumi, usiku, likaguna.
Nilidhani ni fahali. Baba yenu alidhani mzinga,
akavaa buti la kulia mguu wa kushoto.
Likaguna tena, mbali, ng'ambo,
halafu ufa ukaja mbio kutuelekea,
ukilia kama kitambaa kipya anachokirarua mwenye duka
bila mkasi, kwa mikono miwili.
Asubuhi barafu yote imekuwa vijiti,
vyembamba, virefu, vinagongana ufukoni,
mlio wa vikombe katika nyumba yenye wageni wengi.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Sikuwasimulia kwa sababu hakuna kilichotokea.
Barafu iliyeyuka, basi."

Birika likachemka, asiinuke mtu.

Ernisbek akaigeuza karatasi, akakuta miezi imejaa,
akaandika juu ya Februari:
minyororo ya magurudumu. Koleo mbili. Kamba.
Akampigia Tashtan mwenye lori la zamani la jeshi,
akasikiliza matusi yake yote mpaka yakaisha,
akaandika: Tashtan, kondoo mmoja, nusu bei ya mafuta.
Siku gani? Hilo liliachwa tupu.
Barafu haina kalenda, na benki haiijui.
Huenda tukafika ikawa bado ngumu kama sakafu,
huenda tukafika imekwisha kwenda zake
na Mama asikie upepo tu, na sisi tukikohoa.

Chynara alinyamaza muda. Kisha akauliza kuhusu buti.
Kisha sufuria. Kisha, kalamu ikiwa imefika pembeni mwa Desemba,
akauliza vikombe vingapi.

"Vya plastiki," akasema Mama, bila kuinua uso kwenye sufu.
"Vya udongo vitanichanganya."