Alama ya Msumeno

Mimi ndiye niliyezikata.
Ghala la Cleveland, kando ya reli, baridi ya mwaka sabini na tatu,
msumeno wa meza, boksi zima kwa mpigo,
santuri ishirini na tano, mkato mmoja ukingoni,
vumbi la karatasi limenijaa nyusini kama unga wa kinu.
Mkato maana yake: hii haikununuliwa,
iuzwe senti tisini, na mwimbaji asidai kitu.

Boksi la Odessa Pruitt lilikuwa la kumi na moja asubuhi ile.
Jaladani yumo mwenyewe, koti la kiume,
amekalia spika, viatu kavua,
haitazami kamera; anatazama nyuma ya mpiga picha
kama mtu aliyesikia maji yakichemka jikoni.
Santuri iliitwa *Mali ya Watu*.
Nikakata. Kisha moja nikaificha chini ya sweta:
Stefan Brozek, miaka kumi na tisa,
mwizi wa kitu kisichotakiwa.

Nyimbo tisa, hata mmoja si wake.
Maduka ya Weusi yaliuliza, magitaa yote haya ya nini?
Redio za roki zikasema, sauti hii ni ya kanisani.
Ikabaki katikati, kiti kilichosahauliwa uani, ikanyeshewa.

Ule wimbo wa vijana wa Kiingereza, wa gari na barabara kuu,
wenyewe waliukimbiza. Yeye aliufunga breki
hata gari likawa lile refu, jeusi, lenye maua,
na gitaa la Lonnie Tharp likafuata nyuma
taratibu, taa zimewashwa mchana.

Wa tatu, mwanamume anamuaga mkewe.
Hakubadili neno.
Aliuimba kama yule aliyeachwa mlangoni,
akiyarudia aliyoambiwa, moja moja,
aone kama yana maana nyingine.

Mama alikuwa akimenya viazi.
Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni na cha kliniki.
Akaweka kisu. Akauliza kwa Kipolandi,
"Huyu naye kafiwa na nani?"
Hakuna, mama. Ni wimbo tu, tena si wake.
Akanitazama.
"Kwani kilio kina mwenyewe?"

Husemwa nguo ya kuazima haisitiri.
Haya, mpe Odessa koti la mtu:
atalibana kiunoni, atalikunja mikono,
na siku ukimkuta mwenye koti njiani
utamshika yeye, useme mwizi.

Baadaye nilisikia aliendesha basi la shule huko Akron.
Sikuwahi kuhakikisha. Ningemwambia nini?

Lakini kuna jambo moja.
Boksi lile liliniteleza.
Msumeno ulipita katikati ya ukingo, ukazionja santuri zenyewe,
na leo, nikiwa na miaka sabini na magoti mabovu,
nikiweka sindano, kabla hajavuta pumzi, nasikia:
tk.
tk.
tk.
Mara saba. Huyo ni mimi.

Ziko nyingine ishirini na nne za boksi hilo, sijui wapi,
na pengine yupo mtu, jikoni kwake, Tulsa au Leeds,
anayegonga meza kwa kidole mara saba,
akidhani ni ngoma.