Dhati

Dada yangu Raya alikileta kimefungwa karatasi ya dukani,
akakiweka juu ya friji kama dawa inayofichwa watoto.
"Soma," kasema. "Kurasa mbili kila usiku. Hutakufa."
Mimi na vitabu tuliachana shuleni, Matrahi, kwa fimbo,
na hakuna kati yetu aliyeomba kurejeana.

Nimesoma. Wallahi nimesoma,
kwa kidole, kama mtu anayetafuta waya ulioungua.
Ukurasa wa tatu: *Amka kabla ya jua, dunia ni ya wanaowahi.*
Bwana we! Huku Al-Khudh, mwezi wa saba,
jua halichomozi, hulala papo hapo mlangoni.
Saa kumi na moja alfajiri nishasali, nishapanda paa la mtu,
kompresa imenitemea mafuta kifuani,
na dunia bado si yangu. Ni ya mwenye paa.

Ukurasa wa kumi na tisa: *Waepuke wanaokunyonya nguvu.*
Nikahesabu, nikafuta, nikahesabu.
Wakabaki wawili,
na mmoja ni Raya, aliyenunua kitabu.

Tena mwandishi anacheka mno pale jaladani. Meno yote yale!
Huyu hajadai riali mia nne
kwa mtu anayesali naye safu moja.

Ni Kiarabu, cha kunyooka,
kilichotafsiriwa kutoka kwa watu wa nchi za baridi.
Nakifahamu. Ila mimi huumwa kwa Kiswahili,
Kiswahili cha mama, aliyeshuka hapa
na masanduku mawili na mbuzi ya kukunia nazi.
Jalada linasema: kuendeleza dhati.
Kwao dhati ni mtu mwenyewe, nafsi yake.
Kwa mama dhati ilikuwa pale moyo na ulimi vinapokutana:
"Niombe radhi kwa dhati, Hilali, si kwa meno."
Sasa niiendeleze vipi,
nami sikumbuki niliiacha wapi?

Lakini ukurasa wa sitini na moja
(Raya hajui, wala usimwambie)
uliniuliza: *Nani unayezungumza naye kila siku, moyoni tu?*
Nikakifunga. Nikakirudisha juu ya friji.
Nikaenda kununua chai karaki ya baisa mia,
nikainywa garini, injini ikinguruma kwa ajili ya ubaridi tu.
Harithi.
Ndugu yangu Harithi, mwaka wa sita huu
tangu tugawane nyumba ya mama kwa uzi wa fundi,
tukauziba kwa matofali ule mlango wa kati,
naye akauza upande wake, akahamia Salala kwenye manyunyu.

*Mwandikie barua,* kitabu kikasema. *Usiipeleke.*
Ujinga gani huo? Kiyoyozi kisicho waya!
Nikaandika lakini, nyuma ya stakabadhi
ya kuosha chujio na kujaza gesi, riali kumi na tano.
Mistari minne. Wa tatu nimeukata mara mbili.
Nikaichomeka ukurasa ule ule, nikasahau.
Au nilijifanya nimesahau.

Jumatano Raya kapita mbio mbio, mkoba begani:
"Kile kitabu umekimaliza? Ijumaa naenda Salala,
nampelekea Harithi, naye ana mambo yake."
Ningesema ngoja.
Ulimi ulikuwa bado unatafuta neno
mkono ulipokwishafika juu ya friji.
Nikakipangusa vumbi kwa upindo wa kanzu.
Nikampa.

Bado nasema vitabu hivi ni biashara ya maneno,
subira haipimwi kwa riali tano na nusu,
na hilo la kuamka mapema nitalipinga hadi kaburini.
Ila tangu Ijumaa simu yangu nailaza pale pale juu ya friji,
na mimi, fundi wa miaka ishirini na mbili,
sijui tena kutofautisha
kinachotetema ni mashine au ni mtu.