Theluji ya Newala

Chikoti huchora nyuma ya stakabadhi za korosho,
kwa kalamu moja ya buluu inayovuja.
Kisanduku cha kwanza: Nantende, mfinyanzi wa Newala,
na Ulfi, Mviking aliyefukuzwa kwao
kwa kuogopa maji.
Wanakwenda kaskazini. Hawaivi chungu kimoja.
Mmoja anakoroma, mwingine anahesabu hatua kwa sauti.

Theluji ilimshinda.
Akaenda dukani kwa Mchopa, akakwangua friji kwa kijiko,
akaitazama kiganjani mpaka ikamvujia vidoleni.
"Kumbe ni maji tu,"
akasema, kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani.

Ukurasa wa tisa, Nantende anauona mlima mweupe.
Ulfi anarudi nyuma, anataja miungu yake yote.
Nantende anashusha mtungi kichwani, anaanza kuchota.
"Yote haya," anauliza, "na foleni iko wapi?"

Mama alisoma hapo akiwa amesimama,
ndoo mbili tupu miguuni;
zamu yetu bombani ni saa nane usiku.
Hakucheka.
Alimrudishia Chikoti karatasi:
"Mchoree mtungi wa pili.
Na huyo mwoga naye
abebe."