Mizani ya Jengo la Kwanza

Kazi yangu ni kupima watu.
Si tabia zao; hizo wanazijua majirani.
Kilo.
Saa kumi na mbili asubuhi, Kipawa,
taa za barabarani hazijazimwa,
naifuta sahani ya mizani,
naikanyaga mwenyewe kwanza: sitini na nane,
kama jana. Bado haijajifunza uongo.

Ndege ya Mafia ina viti kumi na viwili
na haijali cheo.
Mkurugenzi anapanda mizani na mkoba wake,
muuza vitenge anapanda na robota lake.
Wengi huvuta pumzi na kuibana,
kana kwamba ni hewa iliyokula ubwabwa wa jana.
Bibi harusi mmoja alinishika mkono:
"Dada, usiitamke."
Sitamki. Naandika, naifunika karatasi,
nampelekea Kapteni Kimambo,
naye anajumlisha kwa penseli aliyoitafuna kichwa.

Nje, Hokororo yumo kwenye pikapu,
honi, fataki, honi:
anafukuza ndege ili ndege itue.
Lugha yetu haikuona haja ya kuwatenganisha.
Kunguru wanalijua hilo; wanarudi.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Pangani,
usiku akitunga mashairi ya harusi za watu.
Alihesabu mizani kwa vidole ukingoni mwa meza,
nane huku, nane kule,
na mkasi ukiwa karibu, kama vile angekata pindo.
"Ukizidi, toa. Ukipungua, tia."
Nilivikimbia vidole vile.
Nikaja mjini, nikatafuta kazi miaka miwili,
nikapewa mizani.

Bi Sikudhani wa Kilindoni
namjua kwa tarakimu.
Machi, akirudi kwao kutoka Ocean Road:
sabini na moja.
Juni: hamsini na nane.
Septemba: arobaini na tisa,
na hapo alikuwa na koti la mwanawe,
akakataa kulivua, nami sikumlazimisha.
Desemba jina lake halikuwamo kwenye orodha.
Niliisoma mara mbili.
Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani, kaunta?

Leo ni Machi tena. Mvua imeshafika Pugu,
inanukia hadi huku.
Foleni: kijana na keki ya ghorofa tatu,
fundi aliyekumbatia gia ya boti kama mtoto mchanga,
na nyuma yao ushungi wa zambarau.
Akavua ndala. Akapanda.
Tarakimu nyekundu zikacheza, zikatulia,
nami nikasahau kanuni zote:
"Hamsini na tatu!"

Foleni nzima ikageuka.
Fundi wa gia akatazama sakafu, akaona haya kwa niaba yake.
Yeye akacheka hadi namba zikayumba.
"Nipime tena," akasema,
"na useme vilevile."

Kisha Kapteni akarudi na karatasi yake.
"Tumezidi kilo nne."
Nne. Zilezile.
Keki haikatwi kabla ya harusi,
gia haigawanyiki,
na yeye, hata gramu moja yake
nisingekubali ishuke.
Nikaenda mwenyewe hadi kwenye tumbo la ndege,
nikautoa mfuko niliokuwa nampelekea kaka,
mchele wa Kyela, kilo tano kasoro.
Atakula ugali hadi Jumatano.

Propela ikavuruga madimbwi.
Hokororo akapiga honi ya mwisho, kunguru wakapisha,
na watu kumi na wawili niliowapima
wakawa kitu kidogo juu ya Kigamboni,
kisichopimika.

Nimebaki kaunta, mfuko wa mchele miguuni,
vidole vinagonga ukingo bila kuniomba ruhusa:
ha-m-si-ni na ta-tu.
Saba.
Umepungua, baba angesema.

Natia:
hamsini na tatu, Bi.