Flaiwili Iliyogoma

Chensoo imekuja ndani ya kiroba cha mbolea,
vumbi la mtiki bado limeganda kwenye mapezi ya silinda.
Shekilindi kaiweka mezani kwa mikono miwili
kama anayemrudisha mtoto wa jirani aliyeangukia kwake.
"Gogo limeilalia. Lakini hata kabla ya gogo
ilikuwa na kisirani: ukivuta kamba, inakung'ata."

Ni siku ya gulio, Muheza nzima inanuka machungwa.
Nimefungua kava. Skrubu tatu zimetii,
ya nne imeliwa kichwa.
Nimetoa plagi, nikashindilia kamba ya katani tunduni
mpaka pistoni ikakosa pa kwenda.
Nati ikalegea bila maneno.
Flaiwili, hapana.

Wapo wanaopachika bisibisi mbili
wakaikwanyua kama mlango wa duka la mdaiwa.
Pezi moja likivunjika, itayumba,
na kitu kinachozunguka mara elfu kumi kwa dakika
hakiyumbi peke yake.
Basi nimerudisha nati hadi ncha ya krenki,
nyuzi zisipondeke,
nikadondosha dizeli, nikaagiza chai.
Shekilindi kauliza: bado tu?
Nimekunywa. Bado tu.

Mwajabu, binti wa dada yangu, kaishika flaiwili kwa vidole,
mashine nzima ikaning'inia chini yake kwa uzito wake.
Nikachukua nyundo ya shaba, mkono wa kushoto.
Pigo moja, kavu, lisilo na hasira.
Ti.
La pili. Ti.
La saba au la nane, sikuhesabu,
sauti ikageuka kabla ya chuma:
to.
Ikaachia, ikakaa mkononi mwa Mwajabu
nyepesi, kama haikuwahi kumkatalia mtu.

Kwenye mfereji, mahali pa kabari,
palikuwa na kipande cha msumari
kilichosuguliwa bapa upande mmoja,
kikavishwa bati la kopo ili kijaze.
Kimepinda. Ndiyo maana moto ulikuja si wakati wake.
"Mpumbavu gani kafanya hivi?"
Shekilindi aliinunua kwa mtu, naye kwa mtu.

Mikwaruzo ya tupa imelala mshazari, ikitokea kushoto.
Mwaka ule nilikuwa na ndevu tatu.
Bwana Mntangi wa Kicheba alinilipa kabari halisi,
nikanunua viatu vya harusi ya rafiki.
Vilinibana usiku kucha.

Mwajabu kautazama msumari,
kautazama mkono wangu,
kanyamaza kama fundi.

Nimefungua droo, kabari mpya imo katika karatasi yake ya mafuta.
Shekilindi katoa pochi, akaandika hewani kwa kidole:
nati, plagi, kazi. "Na hiyo kabari?"

Imeshalipiwa, nikasema.
Akadhani nimemfanyia wema.